Naomba ushauri: nijifunze Sheng ya chuoni, lugha ya vijana wa Nairobi, au nibaki na Kiamu changu cha Lamu?

Binti Mkomani:
Assalamu alaykum. Niko likizo nyumbani Lamu, wiki ijayo narudi chuo Nairobi, mwaka wa kwanza, na roho haitaki. Masomo nayaweza. Lugha ndiyo inayonishinda. Mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili nakaa na wenzangu siambulii kitu.

Muhula uliopita, mlangoni mwa chumba cha mtihani, msichana tunayekaa naye bwenini alinitia kikaratasi mkononi: "Nishikie mwakenya." Nikakishika. Mwenzetu mwingine akanikonyeza nikitupe, ndipo nikajua ni karatasi ya kuibia mtihani. Ningefukuzwa hivi hivi kwa neno moja.

Nikisema changu, wanacheka. Nilimwita mmoja, "Ndoo hapa," yaani njoo, akaniuliza ndoo gani, ya kufulia? Tangu siku hiyo kwenye kazi ya kikundi nanyamaza. Na juzi hapa nyumbani limeniponyoka "mathe", yaani mama kwa Sheng, mbele ya mama. Hakunigombeza. Aliacha kukuna nazi, akaniangalia. Nifanyeje?

Nahodha wa Langoni:
Pole, mdogo wangu. Mwakenya lilikuwa kundi la siri la kisiasa miaka ya 1980, wanafunzi wakalichukua jina kwa karatasi za kuficha. Jifunze kuisikia Sheng, kuiongea hulazimiki. Anza na pesa, utazihitaji kila siku: mbao ni shilingi 20, finje 50, soo 100, thao 1,000.

Mzawa wa Kaloleni:
Dada, mimi nimezaliwa Eastlands, Nairobi, Sheng ilikozaliwa, na bado vijana wa mtaa wa pili wananiacha nyuma. Uliza tu, "Hilo ni nini?" Watu hupenda kueleza. Ila aliyekupa kikaratasi alijua hujui. Hapo usisingizie lugha, jihadhari naye.

Mama Shela:
Mwanangu, mamako muombe radhi, yaishe. Wangu wanne wamesoma bara. Wakishuka tu kwenye boti ya Mokowe, "ndoo" na "ndia" (njia) zinawarudia zenyewe. Na hao wanaokucheka waambie Kiamu ndicho lugha ya tenzi kongwe wanazosomeshwa.

Binti Mkomani:
Shukran nyote. Mama nimeshamuomba radhi, ameniwekea na kaimati za safari. Kaka wa Kaloleni, neno lako limenikosesha usingizi, maana sikuwahi kufikiri kwamba alijua. Kitanda chake kiko juu ya changu. Nikifika, kitu cha kwanza naomba kubadilishiwa chumba.