Naomba ushauri: dodoso la imani kwa vyanzo vya taarifa na upimaji wa saratani
Wakuu, tunaandaa dodoso la kuona kama imani kwa vyanzo vya taarifa za afya inahusiana na wanawake kujitokeza kupima saratani ya mlango wa kizazi. Kila chanzo kina swali lake, alama 1 hadi 4: daktari, ndugu, viongozi wa dini, redio, mitandao ya kijamii. Swali moja la jumla lingeficha mengi, maana mtu humwamini daktari na bado akafuata neno la shangazi.

Kinachotusumbua hasa ni kipi kilitangulia. Aliyekwisha kupima amekaa na mhudumu, akauliza, akajibiwa. Huenda imani ilikuja baada ya kipimo. Dodoso la siku moja halitenganishi hayo. Je, tupime imani kwanza, kisha tuwarudie watu wale wale baada ya miezi 12? Mnazuiaje wasipotee katikati?

Pia, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10 (wanaoishi na VVU miaka 25, kila 3 hadi 5). Tukiuliza "umepima mwaka huu?", aliyepima miaka mitatu iliyopita ataonekana mzembe bure. Swali hilo mngeliandikaje?