Moshi tunauziwa maji ya moto na kahawa ya kopo kwa bei ya kahawa ya mlimani. Imetosha!

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na nitaandika kirefu, asiye na muda aruke.

Mji huu uko chini ya mlima uliojaa mibuni. Bodi ya Kahawa iko hapa. Mnada wa kahawa umefanyika hapa miaka na miaka. Kiwanda cha kukoboa kiko hapa. Taasisi ya utafiti wa kahawa iko Lyamungu, kwa gari unafika mara moja. Sasa ingia kwenye migahawa na hoteli nyingi za mjini, agiza kahawa. Unaletewa chupa ya chai yenye maji ya moto, kopo na kijiko. Ujipimie, ukoroge mwenyewe, ulipe. Ukiuliza unaambiwa ndiyo kahawa yao, ni rahisi. Rahisi kwa nani?

Juzi nilipokea wageni kutoka Mwanza, wakwe wa mdogo wangu, nikawapeleka hoteli moja mjini kupata kifungua kinywa. Jina naliacha. Kwenye menyu imeandikwa kwa herufi kubwa kahawa ya Kilimanjaro, na picha ya kilele cha Kibo pembeni, shilingi 4,000 kikombe. Wageni wamefurahi, wamekuja Uchagani, wanataka waonje. Zikaja pakiti za kahawa ya kukoroga, ile ile ya kopo. Nikamwita mhudumu, binti mdogo mwenye adabu zake, sikumfokea kwa sababu hakuna alichokosea. Akaniambia, "Samahani mama, ya kuchemsha hatuna, inachukua muda." Meza ya jirani watu wanakula supu ya mbuzi iliyokuwa jikoni tangu alfajiri, na chapati zilizokandwa, zikakatwa matonge, zikasukumwa moja moja. Jiko lenye muda wa kusukuma chapati limekosaje dakika 4 za kahawa? Niliona aibu mbele ya wakwe zetu, na hiyo aibu siisahau.

Kuna watu watasema mama huyu anapiga kelele kwa ajili ya kikombe tu. Basi tuongee kilichomo ndani ya hicho kikombe.

Arabika ya mlimani inachumwa kwa mkono, mbivu tu, kwa hiyo mti mmoja unaurudia tena na tena msimu mzima. Iliyochumwa leo inamenywa leo hii hii, ikilala imeharibika. Inavundikwa mpaka ule utelezi uachie, inaoshwa, inaanikwa kwenye chanja, inageuzwa na kuchambuliwa, mvua ikitishia inafunikwa mbio. Nani anafanya hayo? Nendeni Kibosho, Uru, Kilema, Machame muone. Ni kina mama na wazee wenye migongo inayouma, maana vijana wameshashuka mjini. Ukishamaliza jasho lote hilo, zilizo nzuri zinapanda meli kwenda Ulaya, Japani na Marekani, na wewe uliyebaki chini ya mti unakorogewa kopo. Na kopo lenyewe kwa kawaida limejaa robusta, zao ambalo kwetu mlimani hatulilimi. Sina neno na robusta ya Kagera, wala na kiwanda cha kahawa ya kopo kilichopo Bukoba, ni jasho la Watanzania wenzetu. Ila kila kitu kiandikwe kwa jina lake! Kuweka picha ya Kibo juu ya kitu kingine ni udanganyifu.

Halafu hiyo kahawa ya kopo ilitengenezwa kwa shida ya watu wengine kabisa. Brazil walivuna kuliko wanunuzi waliokuwepo, mdororo wa 1929 ukaangusha bei, wakafikia kuchoma moto kahawa yao. Nestlé wa Uswisi wakaombwa watafute namna ya kuihifadhi, na mwaka 1938 wakaingiza Nescafé sokoni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, wanajeshi wa Marekani wakaibeba kwenye mgao wao. Kiwandani kahawa inakaangwa, inasagwa, inachemshwa, kisha ule mchuzi unakaushwa kwa hewa ya moto au kwa kugandishwa, na sehemu kubwa ya harufu inapotea humo. Mwanajeshi aliye kwenye handaki namwelewa, hana namna. Mwenye mgahawa wa Moshi ambaye kahawa iliyokaangwa anaipata mtaa wa pili, simwelewi hata kidogo.

Msinielewe vibaya, siyo kwamba nachukia kurahisishiwa. Napikia gesi, na sitaki kurudi kwenye moshi wa kuni. Mtori wa ndizi mchare na nyama nausaga kwa blenda siku nyingine badala ya kuponda kwa mwiko, na mchare unabaki mchare, nyama inabaki nyama, anayekula anakula mtori. Mashine ya kusaga mahindi imewapunguzia mama zetu mateso ya kinu. Michango ya msiba tunatuma kwa simu, hakuna tena kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Vitu hivi vimetupunguzia jasho na kitu chenyewe kimebaki palepale. Ninachokataa ni pale kitu chenyewe kinapoondolewa, ukaachiwa jina lake na bei yake. Mchemraba wa kiungo kwenye sufuria isiyokuwa na mfupa hata mmoja, mtu anaita supu. Mimi sikubali.

Na ugonjwa huu umehamia kwenye simu, hili linaniuma zaidi.

Niko kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa kahawa upande wetu wa mlima. Lilipoanzishwa lilikuwa msaada mkubwa. Mtu akiuliza, wazee walikuwa wanamhoji kwanza: mibuni yako ni ile ya zamani au ni chotara ya Lyamungu? Kivuli kikoje? Geuza jani utuonyeshe chini. Maswali hayo yana maana, kwa sababu chotara za Lyamungu zilizalishwa ili zihimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo jibu linategemea una mti gani shambani. Majuzi mama mmoja akauliza: majani yake yana unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, na yanapukutika. Yeyote aliyekaa kihambani, kwenye shamba la nyumbani, anajua hiyo ni kutu. Kijana mmoja akabandika jibu refu alilolitoa kwenye programu ya akili mnemba, limepangwa vizuri, lina vichwa vya habari, linaeleza punje mbichi zinazoingia madoa meusi na kuoza mtini. Hiyo ni chulebuni! Ugonjwa mwingine, sehemu nyingine ya mti. Watu wakamwekea vidole gumba. Nilipomsahihisha akaniambia, "Mama mdogo, nimesaidia tu, sikuwa na muda wa kusoma yote."

Hukuwa na muda wa kusoma, lakini umepata muda wa kumtumia mwenzio! Mama yule akinyunyizia dawa isiyofaa, pesa ni yake na mavuno ni yake. Na wale wazee waliokuwa wakihoji wamenyamaza. Nani ataandika kwa taabu kwa kidole kimoja huku jibu lake linafukiwa na maandishi ambayo hata aliyeyatuma hajayasoma?

Turudi kwa wenye hoteli, maana najua mmo humu. Nimeshasikia utetezi wenu. Mnasema kahawa ya kusaga inaharibika. Nunueni kidogo kidogo, au nunueni iliyokaangwa bila kusagwa, inatunzika wiki kadhaa kwenye chombo kilichofungwa vizuri, msage ya siku. Mnasema mashine ni ghali. Nani kawaambia mnunue mashine? Vijiko viwili vya chakula vya kahawa kwa kila kikombe, maji yaliyotoka kuchemka, funika dakika 4, chuja. Sufuria mnayo, chujio la chai mnalo. Muuza kahawa anayetembea na birika lake na jiko la mkaa jioni pale mjini anawapa watu kahawa iliyochemshwa kwa shilingi mia mbili, amesimama kwa miguu yake, hana hata meza. Mnasema wateja wenyewe wanataka ya kopo. Mmewapa nyingine lini wakachagua?

Wazee wetu wengi kahawa hawakuinywa, ni kweli, waliilima wauze. Lakini hawakuidharau. Mwaka 1933 walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, ili wauze kwa sauti moja, na ada za shule za wengi wetu zilitoka kwenye magunia yale. Kahawa iliyosomesha nusu ya mlima inakosaje sufuria moja kwenye hoteli ya Moshi?

Nataka hivi. Kwenye menyu iandikwe wazi: kahawa ya kopo bei yake, kahawa ya kuchemsha bei yake, na picha ya mlima isiwekwe kwenye ya kopo. Wakulima wenzangu mlio kwenye makundi ya WhatsApp, msimamizi aweke sharti kwamba jibu ambalo mtu hajalisoma mwenyewe linafutwa. Na mlioko Moshi mjini, Soweto, Majengo, Rau, Shanty Town, kama mnajua mahali wanapochemsha kahawa yetu kweli, tajeni jina na mtaa hapa chini. Wageni wangu wapo mpaka Jumapili.

Nawasilisha.