Banda la bustani lenye pembe zilizoinuka, Mikindani: makuti au bati?

Mkaa Ghuba: Habari wakuu. Naandaa banda la kupumzikia kwenye bustani inayotazama ghuba ya Mikindani, kwa mtindo wa mabanda ya bustani za Suzhou, mji wa China: wazi pande zote, nguzo nne, paa la pembe zilizoinuka. Nguzo hadi nguzo ni mita 3.6, upenu sm 90. Fundi anashauri bati la migongo, mimi napenda makuti. Pembe zinainuliwaje, na kipi kitadumu?

Seremala wa Pwani: Mkuu, anza na mwinamo. Katika ujenzi wa enzi ya nasaba ya Qing ya China paa halina mwinamo mmoja: sehemu ya chini hupanda 5 kwa kila 10 za ulalo, ya juu 7. Nusu ya upana wako ni mita 1.8, igawe mara mbili. Sm 90 za chini zipande sm 45, sm 90 za juu zipande sm 63. Tumbo la paa, yaani mbonyeo wake, linatokea hapo, bila kukunja mti wowote.

Ndiyo maana makuti yatakataa. Yanataka digrii 45 maji yateleze. 5 kwa 10 ni digrii 27 hivi. Mvua za masika zitanywewa humo na makuti yataanza kuoza upenuni, mahali panapoonekana kuliko pote.

Pembe ina kanuni yake ya zamani: toka tatu, panda nne, kipimo kikiwa unene wa kombamoyo, yaani mti wa paa unaoshuka kutoka juu hadi upenuni. Kwa makombamoyo ya sm 8, ncha itoke sm 24 kupita upenu wa katikati na ipande sm 32. Juu ya boriti inayounganisha vichwa vya nguzo weka kabari ndefu inayonenepa kuelekea pembeni, kila kombamoyo lilale juu kidogo kuliko jirani yake. Yatandazwe kama upepeo. Yakibaki sambamba, pembe itaonekana imevunjika. Na usikubali kipande cha ubao kupigiliwa nchani ili kuinua pembe: maji hujikusanya nyuma yake na mbao huoza.

Mkaa Ghuba: Basi bati?

Mpima Paa, Lindi: Bati la migongo hupinda upande mmoja tu, pembe hii inapinda pande mbili. Tumia alumini bapa ya mm 0.7, ikatwe mapande ya sm 30 chini yanayopungua kuelekea kileleni, yaunganishwe kwa mshono wa kukunja uliosimama. Mbao zenye dawa ya shaba hula alumini, kwa hiyo tandika karatasi ya lami kati yake. Skrubu ziwe za chuma cha pua.

Lakini ndugu yangu, cha kuogopa ni upepo. Kule China nguzo hukalia jiwe tu, zikitulizwa na uzito wa vigae na udongo wake. Alumini haina uzito huo, na upenu ulioinuka unaukaribisha upepo chini ya paa. Paa lako ni mita 5.4 kwa 5.4, mita mraba 29. Upepo wa mita 40 kwa sekunde husukuma karibu kilo 98 kwa mita mraba, yaani paa laweza kuvutwa juu kwa tani 2.8. Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, Aprili 2019. Hidaya kikaja Mei 2024. Chimba misingi minne ya sm 70 kwa 70, kina sm 80, zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kila mmoja ni kilo 940. Zamisha humo nondo za mm 16 zilizochomelewa bamba la kushika nguzo, mguu wa nguzo uwe sm 15 juu ya ardhi, mchwa usiufikie. Kila kombamoyo lifungwe kwa ukanda wa chuma. Msumari pekee hautoshi.

Msanifu Bustani: Nyongeza fupi. Njia isifike bandani moja kwa moja. Ipinde, ghuba ionekane mwishoni. Badala ya mawe ya Taihu, ziwa la China, yaliyotobolewa na maji tunayo matumbawe makavu yenye matundu yaleyale. Yatoke machimbo ya nchi kavu, si baharini.

Mkaa Ghuba: Shukrani sana. Kabari ianzie wapi?

Seremala wa Pwani: Sm 90 kabla ya pembe, sawa na hatua moja ya paa. Makombamoyo ya hapo yawe witiri (idadi isiyogawanyika kwa mbili), 7 yanatosha, na mikia yake ichongwe iwe myembamba ili yaenee.