Naomba ushauri: H. pylori na upungufu wa damu kwa mama yangu

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada wa mawazo.

Mama yangu amepimwa choo akakutwa na H. pylori, bakteria wanaoishi tumboni. Kiungulia na tumbo kujaa gesi tulishazoea, kinachonitisha ni mwili mzima kudhoofika. Kope kwa ndani zimepauka, akipanda ngazi anahema, na vidonge vya kuongeza damu havijasaidia. Daktari anasema bakteria hawa huvuruga asidi ya tumbo, hivyo madini ya chuma na vitamini B12 havifyonzwi vizuri.

Ameanza dozi ya siku 14: antibiotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi. Sasa mdomo mchungu, kichefuchefu hakiishi, anataka kuacha. Naogopa sana, maana bakteria wakibaki wanaweza kuwa sugu kwa dawa, na tangu 1994 WHO inawahesabu kati ya visababishi vya saratani ya tumbo.

Mliopitia haya, mlivumiliaje hizo dawa? Damu ilipanda baada ya kupona? Kipimo cha marudio mlisubiri wiki 4 baada ya kumaliza dozi? Na sisi tunaoishi naye, tupime hata kama hatuumwi?