Kuhuisha jiji la kadibodi kwa mwanga wa projekta

Muulizaji: Habari zenu. Nimejenga kwa mkono jiji dogo la kadibodi lenye upana wa sentimita 120, na natamani madirisha yake yawake na magari yapite barabarani kwa mwanga wa projekta moja. Kila ninaporusha video, picha hupishana na kingo za majengo. Nianzie wapi?

Mjibu wa kwanza: Ndugu, anza na projekta kabla ya video. Ifunge imara mahali ambapo haitasogezwa tena, kisha uchore kwenye kompyuta kingo za kila jengo huku ukitazama mwanga unavyoangukia jiji lenyewe, wala si kioo cha kompyuta. Mchoro huo ndio utakaokuwa kiolezo cha uhuishaji wote utakaoutengeneza katika Blender au programu nyingine. Ikiwa picha ya projekta yako ina pikseli (nukta za mwanga) 1920 kwa upana, nazo zikienea sentimita 120, kila sentimita hupata pikseli 16, kwa hiyo dirisha la milimita 3 lina pikseli 5 hivi tu. Usihangaike kuchora pazia ndani yake.

Mjibu wa pili: Naafiki. Paka majengo rangi nyeupe isiyong'aa, na ukumbuke kwamba hata sehemu nyeusi ya video hupitisha mwanga hafifu.

Muulizaji: Asanteni sana. Na kuta zilizo nyuma ya minara?

Mjibu wa kwanza: Hizo zimo kivulini, na hakuna programu itakayozifikia, ongeza projekta ya pili upande wa pili, au uweke taa ndogo ndani ya majengo hayo.