Chembe za mafuta zinazobeba dawa: zimefikia wapi kwa baridi yabisi?

Muulizaji:
Habari za leo, wanajukwaa. Mama yangu anaugua baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Kila Jumapili usiku humeza vidonge sita vya methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, vya miligramu 2.5, na Jumatatu hushinda na kichefuchefu. Asubuhi vidole humkakamaa, hata kujifunga kanga hawezi mpaka jua lipande. Nimesoma kuhusu chembe ndogo mno za mafuta zinazofikisha dawa kwenye kiungo chenyewe. Je, zimeshafika hospitalini, au tusubiri?

Mfamasia:
Pole sana, ndugu yangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Msisubiri, kwa kuwa bado hakuna dawa ya chembe hizo iliyoidhinishwa kwa baridi yabisi. Teknolojia yenyewe imeshathibitika kwingine: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Onpattro, inayopeleka kwenye ini vipande vya RNA (molekuli zinazoweza kuizuia seli isitengeneze protini fulani) kutibu amiloidosisi ya kurithi, ugonjwa wa protini mbovu kujilundika mwilini, na chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna hubebwa na chembe za jinsi hiyo hiyo. Kuhusu kichefuchefu, muulizeni daktari habari ya asidi ya foliki, vitamini inayopunguza madhara ya dawa hiyo, au kuhamia methotreksati ya sindano. Nawasihi, dawa hiyo ibaki ya mara moja kwa wiki; kuna wagonjwa waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku kimakosa.

Mtafiti:
Niongeze kidogo. Mishipa midogo ya damu ya kiungo kilichovimba huvuja, hivyo chembe yenye upana wa takriban nanomita 100 hupenya na kumezwa na makrofaji, seli za kinga zilezile zinazotoa TNF, protini inayochochea uvimbe. RNA iliyobebwa humo inaweza kuzizuia zisiitengeneze, na kwa panya wa maabara uvimbe umepungua kweli. Kikwazo kikubwa ni ini: chembe ikishaingia kwenye damu hujibandika protini iitwayo apolipoproteini E, na ini huivuta kwake kabla haijafika kidoleni. Onpattro ilinufaika na jambo hilohilo, kwa sababu ini ndilo lililolengwa. Goti moja unaweza kulidunga sindano moja kwa moja, lakini nani atadunga kila fundo la kidole, tena kwa ugonjwa wa miaka mingi, ilhali mafuta hayo nayo yanaweza kuamsha kinga ya mwili?

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Asidi ya foliki mama hajawahi kuandikiwa. Kliniki ijayo nitaingia naye mwenyewe kwa daktari.