Mrejesho: GRE nimeshaifanya

Wakuu, niliuliza kama ukikosea swali kwenye GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu) unakatwa alama, na kama kweli sehemu ya pili hubadilika kutokana na ulivyofanya ya kwanza.

Kukatwa alama hakuna, mlionijibu hivyo mlikuwa sahihi. Sikuacha swali hata moja wazi. Mawili ya mwisho nilibahatisha sekunde zikiyoyoma. Na ndiyo, ukifanya vizuri sehemu ya kwanza, inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Ya hesabu ilinitoa jasho, nikajua huko nyuma sikuharibu.

Muda ndio kisanga. Tangu Septemba 2023 mtihani ni saa 1 na dakika 58, insha moja tu. Sehemu ya kwanza ya hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21. Mimi nilijisomea kitabu cha zamani chenye insha mbili, wiki nzima ikapotea bure!

Matokeo: hesabu 161, lugha 152, kwenye kipimo cha 130 hadi 170. Ya lugha sijaridhika, msamiati ulinizidi. Alama zinadumu miaka 5, na nikirudia nachagua zipi zitumwe chuoni. Nasubiri siku 21 zinazotakiwa ziishe, nirudi tena.